Kura ya Tereza

Tereza aliinua mkono upande usiokuwa wake.

Revocatus, mumewe, alidhani mkewe hakusikia swali. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameuliza wazi: nani anataka baa na migahawa ya hapa Nyakato iruhusiwe kufanya biashara hadi saa nane za usiku badala ya saa tano? Mikono ya vijana na madereva ilikuwa imekwisha kupanda. Katikati yao ukapanda wa Tereza, mwanakwaya, mwanamke asiyegusa hata togwa iliyoanza kuchachuka. Aliinua wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa haunyooki vizuri tangu alipoanguka wakati wa Pasaka.

Muda mfupi kabla ya hapo Revocatus alikuwa amesimama mbele ya watu na kupinga. Si kwamba alikuwa adui wa bia. Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara na bia za kila nchi zikajaa mjini, naye alikuwa na meza yake kwenye baa ya Ndalahwa, kila jioni akitoka kiwanda cha mafuta ya pamba. Lakini kila kitu kina mpaka wake, alisema. Watoto wanasoma, wagonjwa wanataka kulala.

"Mimi saa tano ikifika nanyanyuka, nawahi kwa mke wangu na wanangu," alimalizia.

Wanaume walimpigia makofi. Wanawake walikuwa wakitazama sakafu.

Hoja ilipita, ikabaki kungoja kibali cha wakubwa. Ndalahwa, mwenye baa, alimtazama Tereza na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu. Revocatus aliliona hilo.

Njiani alimuuliza mkewe kisa cha kupiga kura ile. Tereza akajibu kwamba madereva wanaovuka kwa kivuko cha Kigongo hufika mjini usiku na njaa zao, wakakuta kila jiko limezimwa. Nao ni watu. Jibu lilikuwa zuri mno. Lilikuwa lile lile alilolitoa Ndalahwa mkutanoni, karibu neno kwa neno, na tangu lini Tereza akawa na uchungu na madereva?

Katikati ya wiki, Chenge, aliyefanya naye kazi kwenye mashine moja, alimvuta pembeni. Alimwambia kwamba kabla ya mkutano alimwona Tereza kwenye mlango wa jikoni wa baa, asubuhi, akizungumza na Ndalahwa kwa sauti ya chini. Na haikuwa mara moja. Chenge akaongeza kuwa hakutaka kuvunja nyumba ya mtu. Revocatus alicheka, akasema mkewe humuuzia Ndalahwa mchicha wa bustani.

Tereza hakuwa na bustani.

Jioni hiyo hakupitia kwa Ndalahwa. Alifika nyumbani mapema, akakuta mkewe yuko kwenye sala za jumuiya, akaingia chumbani na kuanza kupekua. Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, alikuta kifurushi cha kitenge kilichofungwa vizuri. Ndani mlikuwa na magauni mawili ya Tereza, nguo za watoto wote na viatu vyao vya Jumapili. Mtu mwenye kifurushi kama hicho ni mtu wa safari. Alikifunga tena kama kilivyokuwa.

Wakati wa kula alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Alikuwa yule yule, mpole, akipakua ugali bila neno. Watoto nao walikula kimya, macho kwenye sahani. Hilo Revocatus alijivunia siku zote, kwamba nyumba yake ilikuwa na adabu. Na sasa mwenye baa anataka kumchukulia nyumba hiyo.

Jumamosi mchana alimkuta Ndalahwa peke yake, akifuta meza.

"Una nini na mke wangu?"

Ndalahwa, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliendelea kufuta. Alisema hana lolote na mwanamke yule, akaapa kwa kaburi la mama yake. Revocatus akamwambia asimfanye mtoto. Habari za mlango wa jikoni anazo, na kifurushi chini ya kitanda amekiona kwa macho yake.

Kusikia habari za kifurushi, Ndalahwa aliacha kufuta.

"Kaka Revo, wazo la saa nane halikuwa langu," alisema. "Mimi saa tano nimechoka, nataka kulala. Yeye ndiye aliyekuja kuniomba, akarudi tena na tena. Hao madereva tuliwatafuta baadaye, tupate cha kuwaambia watu."

"Kuomba kwa sababu gani?"

"Kamuulize mwenyewe. Kamuulize sasa hivi, kukiwa na watu."

Alimkuta Tereza uani na jirani yao Getruda, wakichambua dagaa. Watoto waliokuwa wakicheza waliposikia lango, waliinuka wakaenda nyuma ya nyumba. Revocatus alimsalimu Getruda, akangoja aage kama jirani mwenye kuelewa. Getruda hakuaga. Alikivuta kigoda chake karibu na Tereza.

Basi akauliza mbele yake. Hakupandisha sauti. Alitaka kujua mke wake anamwombaje mwanamume mwingine aache baa wazi hadi saa nane, na ni kitu gani walichopanga kukifanya katika saa hizo.

Tereza aliweka ungo chini, akaushika ule mkono wake wa kulia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano, alimtazama mumewe usoni.

"Saa tano unarudi bado una nguvu, Baba Paulo," alisema. "Nilimwomba akukalishe mpaka zikuishe."