Mama wa Safu ya Tatu

Bastola ya kuanzia ilikuwa haijalia, lakini mama wa safu ya tatu alikuwa ameshasimama, mikono kichwani.

Kando yake alikaa mwalimu mstaafu, aliyejinyima mwaka mzima ili aione michezo hii ya mataifa japo siku moja. Upande ule wote wa uwanja, mama ndiye peke yake aliyevaa kijani. Na kule chini, kwenye mstari, mkimbiaji wa kijani alikuwa mmoja tu. Mwalimu alimkumbuka. Siku ya ufunguzi, kwenye televisheni, mataifa mengine yalipita makundi kwa makundi. Yeye aliingia peke yake na bendera ya kisiwa chao, kama mtu aliyekosea harusi.

"Una watoto wangapi, mama?" mwalimu aliuliza.

"Mmoja tu." Hakuondoa macho uwanjani.

"Huwa anakupigia simu, huko anakozunguka?"

"Vijana wa siku hizi wana shughuli, baba. Mwaka jana alipiga."

"Na leo ukaona umfuate mwenyewe."

"Nimechoka kuongea na kuta."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amefiwa na mkewe, kuta za namna hiyo alizijua.

Bastola ikalia. Mizunguko miwili. Katika wa kwanza kijana alijitahidi, akashika nafasi ya sita. Mama alimwita kwa jina, jina refu, akilitamka polepole kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. Katika wa pili, penye kona, miguu ikagongana na ya jirani. Kijana akaanguka kifudifudi.

Uwanja ukaguna, kisha ukamsahau. Mwenyeji ndiye aliyekuwa anaongoza! Jukwaa la wakubwa likasimama, vuvuzela zikapulizwa, bendera zikapepea. Magazeti yalikuwa yameandika wiki nzima kwamba michezo hii itaipa nchi heshima, na sasa heshima ilikuwa inakata utepe.

Mama hakumtazama mshindi.

"Inuka!" Sauti ilimpasuka. "Inuka, mwanangu! Nakuona! Niko hapa!"

Kijana aliinua kichwa, akatafuta huku na huku, mpaka macho yake yakatua kwenye kile kijani cha safu ya tatu. Akajikongoja, akasimama. Alimaliza akichechemea, goti likivuja damu, wenzake wakiwa wameshaanza kupigwa picha.

Daktari alimwonyesha machela. Akampita. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye uzio, na mama akateremka ngazi mbio, kiatu kimoja kikamvuka.

"Mama," kijana alisema.

Akaegemeza paji la uso begani kwake, akazungumza mengi kwa lugha ya kwao huku akilia. Mama hakujibu neno. Alikipapasa tu kile kichwa kilicholowa jasho, akakipapasa tena, mpaka askari wa uwanja akaja kumwondoa kijana taratibu.

Mwalimu alivua miwani, akajifanya anaifuta vumbi. Mama aliporudi kitini, alimpa kiatu chake.

"Mungu akutunzie mwanao," alimwambia.

"Amina," mama alijibu. "Amina, baba. Popote alipo."

Msichana mwenye beji shingoni akateremka ngazi kwa haraka, mfuko mkubwa begani. Alimwinamia mama, akanong'ona, ila kunong'ona kwa mtu mwenye haraka husikika mbali.

"Mama, leo umetuweza! Kamera zote zilikuwa kwako, wakubwa wamefurahi. Haya, vua hiyo ya kijani, vaa hii nyekundu, uhamie upande ule. Viti ni vitupu kabisa, na mbio za timu ya nyekundu zinaanza sasa hivi."