Mke Mmoja wa Joab

Nasipwondi alikisogeza kitabu cha mafunzo karibu na taa. Joab hakujua kusoma, kwa hiyo tangu alipoandikwa darasa la ubatizo, mkewe ndiye aliyemsomea kila jioni chumbani mwao Makupa.

"Mkristo awe na wake wangapi?"

"Mmoja," alijibu Joab, akinyoosha mgongo baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia Kilindini.

"Na wa pili?"

"Aachwe kwa amani. Ila kitabu hakisemi aachwe yupi."

Hapo moyo wa Nasipwondi ulimwenda mbio. Yeye ndiye wa pili, na hakuwa na mtoto. Auma, mke wa kwanza, alikuwa ameshapanda treni kutoka bara na watoto wanne. Jumapili hiyo ya mwaka wa arubaini na saba, Joab angetaja jina moja mbele ya kanisa, na papo hapo angefunga na mwenye jina hilo ndoa isiyovunjwa ila na kifo.

Chakula kilimshinda. Mlango ukibamizwa, aliruka. Alipojikaza kumwuliza Joab angemtaja nani, Joab alicheka tu. "Ngoja Jumapili."

Hawabai, mwenye duka Mji wa Kale ambaye Nasipwondi alikuwa akimfulia nguo, alimwonea huruma. "Joto lote hili na leso mpaka shingoni, mwanangu?"

"Homa kidogo, mama."

"Ni mawazo hayo. Dini yenu nzito! Kwetu angekaa nanyi nyote wawili, yakaisha. Ukiachwa, njoo kwangu. Chumba cha nyuma kitupu."

Kesho yake Nasipwondi alirudi kuuliza kama chumba bado kitupu. Kesho kutwa yake akauliza tena, maskini.

Jumamosi alimsomea Joab ukurasa wa wajibu wa baba kwa watoto wake, mara tatu. Ajabu ya mwanamke huyu: hata kwa hofu ile, hakuuruka ukurasa uliomtetea mke mwenzake.

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Auma alisimama upande mmoja na wanawe, Nasipwondi upande wa pili, jasho likimchuruzika mgongoni. Mchungaji Seth akauliza ni yupi.

"Nasipwondi," alisema Joab. "Huyu ndiye aliyenifunza njia njema."

Auma aliwavuta watoto karibu, akashusha pumzi ndefu. Nasipwondi akaanguka magotini. Akina mama wakapiga vigelegele, maana nani asiyejua shukrani akiiona? Mchungaji akainama amwinue, naye akamshika kanzu kwa nguvu.

"Miezi sita namsomea ili aniache, baba," alinong'ona. "Mtu huyu ataniua."