Ngoma Zilizogeuzwa

Mwanafunzi alifika mazoezini saa nzima kabla ya wenzake. Alitaka kuzigeuza ngoma kimyakimya, mwalimu wake asije akajua mapema kwamba bendi imemwita yeye akalie kiti cha mwalimu huyo. Mwalimu hupigia mkono wa kulia, yeye wa kushoto, kwa hiyo kila kitu lazima kihamie upande wa pili.

Alifungua mlango. Ngoma zote zilikuwa zimeshageuzwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa amepiga magoti, akibandika utepe kwenye zulia, mahali pa kila mguu wa ngoma. Utepe ulikuwa umekwenda mshazari.

“Mwalimu, nani kakwambia?”

“Mkono wangu. Ulianza kuniambia mwaka jana. Kaa.”

Alikaa. Kiti kilikuwa kimeshushwa, kikamfaa sawasawa. Akainua vijiti, akasubiri kuhesabiwa mapigo ya kuanza, kama alivyohesabiwa miaka yote tisa ya kujifunza.

Mwalimu alikuwa akikunja utepe uliobaki, taratibu, vidole vikimtetemeka.

“Anayehesabu ni aliyekaa kwenye kiti,” alisema.

“Moja,” mwanafunzi akaanza. Mbili akaihesabu kwa kugonga vijiti.