Ngoma ya Kumpokea Mgeni

Wanawake watatu walijipanga uani, wakaikodolea macho kamera, na hakuna aliyesogeza hata kidole.

"Jamani, chezeni," mshonaji aliwaambia. "Kama zamani tu. Msinijali mimi."

Wakatazamana. Bibi Redio, ambaye mtaa mzima ulishakata tamaa ya kumnyamazisha, alikuwa kimya. Mama Pacha akajikuna shingo. Ndipo shangazi yake mshonaji, mkubwa wao, akasema, "Usijifiche huko pembeni. Simama hapa mbele tukuone. Tusipokuona hatuwezi."

Mshonaji akacheka moyoni. Watu wazima nao wana haya zao. Akaja mbele, akatafuta mwanga, akapiga picha ya kwanza. Kidogo kidogo, wakaanza kucheza.

Mshonaji akashusha pumzi. Kikundi chake cha picha kilikuwa kimegawa kamera moja kwa kila mtaa, watu wapige wenyewe desturi zao kabla hazijapotea, na kila mtaa upewe ukuta wake kwenye ukumbi wa maktaba. Mtaa wao ndio pekee uliokuwa haujapeleka kitu. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, watu wakaja kutoka huku na huko, kila mmoja na lake. Mtaa wa pili walipenda kusema kwamba pale hakuna wenyeji, kuna wapangaji tu. Na msimamizi wa maonyesho alikuwa amemwuliza, kwa upole uliouma kuliko tusi, kama ukuta wao wapewe wengine.

Mshonaji alijibu bila kufikiri. Wanayo ngoma, alisema. Wanawake wa kwanza wa mtaa walikuwa wakimchezea kila mgeni anayehamia. Aliwahi kusikia hivyo utotoni, au alidhani amesikia.

Alipomfikishia shangazi habari hizo, shangazi aliendelea kuchambua mchele wake kwa muda.

"Umeshawaambia ipo?"

"Nimeshawaambia."

"Basi ipo. Nipe nafasi niwaite wenzangu."

Na kweli, ilikuwepo. Ilikuwa ngoma ya ajabu, isiyo na mlio wala wimbo. Hatua moja nyuma. Goti la kushoto likunjwe, kiwiko cha kulia kipandishwe, kichwa kilale. Kisha watulie tuli, kama watu wanaosubiri kitu kidondoke. Halafu waanze upya. Mshonaji aliandika maelezo ya kubandika chini ya picha: kurudi nyuma ni kumpisha mgeni njia, kukunja goti ni kumheshimu. Aliwasomea wenyewe. Wakasema ndivyo hasa, hata wao wasingeweza kulisema vizuri namna ile.

Siku aliyotaka picha za miguu, wakamtolea sehemu nyingine kabisa, ya kuchutama.

"Mbona hii hamkunionyesha?"

"Tulikuwa tumeisahau," alisema Bibi Redio, akihema. "Imetujia sasa hivi. Fanya upesi, mwanangu, magoti haya si ya juzi."

Lakini badala ya kutulia, mshonaji alizidi kuhangaika. Alishona mkono wa gauni la mteja ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena. Alizipanga picha juu ya meza ya kukatia vitambaa, akazipangua. Ngoma ile alishawahi kuiona. Si kuiona tu. Aliijua, kama mtu anavyojua ngazi za nyumba aliyokulia. Ila wapi? Mtu pekee aliyemjia akilini ni mama yake, aliyefariki yeye akiwa mdogo, katika nyumba hizohizo.

Akamwuliza shangazi kama mama alikuwa akiicheza. Shangazi akainamia sufuria yake na kusema kwamba mama yake alikuwa mwepesi wa miguu, hilo hakuna wa kulipinga. Mshonaji alirudi cherehani akilia na kucheka. Mwili unakumbuka, alijiambia. Sasa nani atathubutu kuwaita wapangaji?

Siku ya maonyesho, watu walijazana kwenye ukuta wao kuliko kuta zote. Msimamizi alimwuliza shangazi ngoma ile ina umri gani, naye akajibu, "Sisi tumeikuta." Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, aliyejulikana kwa ulimi wake mkali, aliuliza kwa sauti ya chini kama mtu wa nje anaruhusiwa kufundishwa. Wasichana wawili walishaanza kuijaribu katikati ya ukumbi, hatua moja nyuma, kiwiko juu. Mama Pacha aliwatazama, akaguna, akatafuta kiti. Shangazi alisema joto limemzidi, anataka kwenda nyumbani.

Mshonaji hakukaa. Alinyoosha fremu hii, akafuta kioo cha ile. Akafika mwisho wa ukuta, akakuta picha ambayo si yake. Kinyozi mmoja, mwenzake wa kikundini mwenye kamera ya mtaa mwingine, akamweleza kwamba alipita siku ile ya kwanza akawapiga kutoka mlangoni, ubavuni, bila wao kujua. Alitaka mshonaji naye aonekane akiwa kazini; haikuwa haki ukuta mzima ukose sura ya mpiga picha.

Mshonaji akasogea karibu. Upande mmoja wanawake watatu, upande wa pili yeye, wametazamana. Wote wanne wamekunja goti la kushoto, wamepandisha kiwiko cha kulia, wamelaza kichwa na kufumba jicho moja.

Yeye peke yake ndiye aliyeshika kamera.