Maziwa ya Kabla ya Dawa

Daktari Mbelgiji alikuwa ameshafika mlangoni na pampu ya unga wa DDT, Alphonsine alipomzuia kwa swali.

"Docteur, kwenu Ulaya munatiaka dawa hii mu nyumba?"

Tauni ilikuwa imeua majirani wawili hapo kijijini Bigo, na kila nyumba ilipaswa kupuliziwa ili viroboto wa panya wanaoieneza wafe. Hakuna aliyewahi kumuuliza daktari hivyo.

"Hapana, mama. Serikali yetu ilikataza. Walipima maziwa ya wamama, wakaikuta ndani."

"Maziwa yenye mutoto ananyonya?"

"Ndiyo."

"Na ya siye, walipima?"

"Bado."

"Tauni iko kwenu?"

"Haiko."

Alphonsine alimtazama mwanawe aliyelala mgongoni mwake. Usiku panya walipita juu ya mkeka wa mtoto huyo.

"Basi, pulizia. Lakini ngoja kidogo."

Akaingia nyuma ya pazia. Alitoka na kichupa cha penisilini alichokiosha vizuri, maziwa yake yamefika nusu, mepesi, yenye rangi ya buluu kwa mbali. Kilikuwa bado na joto mkononi mwa daktari.

"Hii ni ya mbele ya dawa. Urudie mwezi kesho, nitakupatia ya nyuma. Niko nataka kujua."

Daktari akakilaza kwenye sanduku la barafu, akafunga kitambaa puani, akaanza kupuliza.

Uani, mtoto aliamka akilia njaa. Alphonsine alianza kufungua blauzi. Unga mweupe ulikuwa unatoka mlangoni polepole, na mkono wake ukasita kwenye kifungo cha mwisho.