Kanga na Pole Zake Uwanjani

Timu ya taifa ya wanyama wa nyika, ya tenisi ya wanawake, ilikwenda ng'ambo kupambana na Pengwini. Swala, mwenye mbio kuliko wote, alishindwa mchezo wa kwanza, maana kila mpinzani alipojikwaa, yeye alisimama kumuuliza, "Pole, dada, umeumia?"

Kapteni Kanga alifoka. "Tumekuja kushindana, hatukuja msibani! Atakayetoa pole tena atarudi nyumbani kwa miguu."

Kisha akaingia yeye. Alicheza vizuri, hata ikabaki pointi moja tu ashinde. Pengwini akateleza, akaanguka kifudifudi, lakini akaurudisha mpira akiwa pale pale chini. Kanga aliubana mdomo mpaka macho yakamtoka.

"Pole, dada!" likamponyoka, na mpira ukampita.

Kuanzia hapo hakupata pointi nyingine. Alikuwa akiulizia goti la Pengwini.

Waliporudi, wanyama wote walijipanga uwanja wa ndege. "Poleni jamani! Poleni sana!"

"Tumeshapoa," alijibu Kanga, kisha akamgeukia Swala. "Unawasikia? Kwa hili, mwenzangu, dunia nzima hakuna wa kutushinda."