Dawa ya Kula kwa Macho

Kifaru mmoja alikuwa na macho mabovu hata asubuhi moja akakiamkia kichuguu shikamoo mara tatu, akanuna kilipokosa kumwitikia marahaba. Alipochekwa, akachuma kapu zima la furu, matunda meusi ya porini ambayo bibi yake aliyasifu kuwa dawa ya macho. Akampelekea Ngedere, mganga mwenye uchu, amwelekeze namna ya kuyatumia.

Ngedere akachungulia kapuni, mate yakamjaa.

"Mjomba, hii haiingii kinywani. Dawa ya macho huliwa kwa macho. Kaa hapo, kodoa, usipepese."

Kifaru akakaa, akakodoa. Ngedere akajibanza nyuma ya kapu.

Mnyam, mnyam, ptu!

"Mganga, nini hicho?"

"Naitemea dawa mate, mjomba. Ndiyo uganga wenyewe."

Jua lilipopinda, Kifaru akaruka kwa shangwe.

"Mganga, dawa imenikubali! Naona!"

"Unaona nini?"

"Ulimi wako, mweusi kama sufuria la msibani. Na mashavu yote mawili yamefura."

Ngedere alitaka kukana, ila kinywa kilikuwa kimejaa.

"Pole, mganga," Kifaru akasema, akilivuta kapu. "Nawe macho yamekuwa mekundu. Kaa hapo, kodoa, usipepese." Akala furu zote zilizobaki, Ngedere akimeza mate.

Kesho yake Kifaru alikiamkia kichuguu tena. Hakuwa ameona ulimi wala mashavu. Macho ndiyo yaliyokuwa mabovu. Masikio yake yalikuwa mazima.